Mvua Inayoingilia Uani: Mhadhara kwa Wenye Nyumba, Mafundi na Kamati za Mitaa, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, mafundi, na nyinyi keateka, wasimamizi wa majumba ya kupangisha, mliotumwa kuja kusikiliza kwa niaba ya matajiri wenu, hamjambo. Nashukuru kwa kuacha shughuli za Jumamosi.

Nimekuja kuzungumzia maji ya mvua yanayoingia kwenye mabomba ya majitaka kupitia nyua zetu. Nitaanza na hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukueni paa la nyumba ya Buruburu, pamoja na vile vyumba tulivyoongeza nyuma, tuseme ni mita 100 za mraba. Mvua ya Aprili ikipiga saa moja na kuleta milimita 30, paa hilo limemwaga lita 3,000. Familia ya watu 4, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, hutoa lita 400 za majitaka. Basi paa moja, kwa saa moja, limeshusha maji kuliko majitaka ya familia hiyo ya wiki nzima. Sasa panga nyumba 40 kwenye laini moja ya majitaka.

Mabomba yetu hayakupimwa kwa mzigo huo. Nairobi ina mifumo miwili: majitaka yana bomba lake, maji ya mvua yana mtaro wake. London ya zamani ilipitisha yote mawili kwenye mabomba yale yale, na sehemu kubwa ya mji ule bado iko hivyo. Hapa kwetu bomba la mtaani ni jembamba kwa sababu aliyelichora alitarajia choo, bafu na sinki, basi. Ndiyo maana mvua ikinyesha mnaona manholi, lile shimo la kukagulia bomba la mtaani, inachemka barabarani, na yule anayekaa chini kabisa kwenye mteremko anakuta choo chake kinarudisha uchafu wa majirani. Anapiga simu kusema laini imepasuka. Mara nyingi haijapasuka. Imejaa.

Maji hayo yanaingilia wapi? Kwanza, gata, ule mfereji unaokusanya maji ya paa. Fundi ameshusha bomba la gata moja kwa moja ndani ya gali, kile kishimo chenye wavu nje ya jikoni, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Pili, gali yenyewe imejengwa sawa na sakafu ya ua, au chini yake, kwa hivyo ua mzima unateremkia humo. Tatu ni mabomba yaliyochoka. Upande wa mashariki wa jiji, kuanzia Embakasi, tumejenga juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Bomba la saruji au la udongo wa kuchoma lililolazwa humo huchezeshwa kila msimu mpaka viungo viachane. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu na mtulivu, lakini huko kuna miti, na mzizi wa mti ukinusa unyevu kwenye ufa mdogo haurudi nyuma.

Jambo la nne nalieleza polepole, maana wahusika wako humu ndani. Mvua imekuja, ua umejaa, maji yanakaribia mlango wa mpangaji wa chini. Keateka anafanya nini? Anachukua mtaimbo, anainua kifuniko cha chemba, lile shimo la kukagulia bomba la majitaka uani, na ua unakauka kwa dakika chache. Naona mnacheka. Simlaumu, amefanya alichoweza kwa usiku ule. Lakini shimo lile la wazi linameza maji kuliko nyufa zote za ploti zikijumlishwa, na pamoja nayo mchanga, majani, mifuko na chupa. Mvua ikiisha mchanga unabaki ndani, na laini inaziba hata kiangazi.

Sitawadanganya kwamba gata za Buruburu ndizo zilizoleta mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Kule kwenye mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru mito ilivunja kingo, na hilo ni somo la siku nyingine. Ninachosema ni kwamba hata mvua isiyotajwa kwenye taarifa ya habari inatosha kuyashinda mabomba yetu, na tunayazidishia mzigo wenyewe.

Tena hayo maji hayapotei. Sehemu kubwa ya majitaka ya jiji huteremka hadi mabwawa ya Dandora, kule Ruai. Mabwawa yale husafisha kwa muda, jua na vijidudu. Uchafu lazima utulie humo siku kadhaa. Mvua ikiingia kwa wingi inayasukuma maji mbele kabla ya siku zake, na yanayotoka huingia Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Sabaki, hadi bahari ya Malindi.

Sasa, nani arekebishe? Bomba kubwa la mtaani ni la kampuni ya maji na majitaka ya jiji. Mtaro wa barabarani ni wa kaunti au wa mamlaka ya barabara, inategemea barabara ni ya nani. Kipande kinachotoka chooni kwako kupitia uani ni chako. Kampuni inaweza kubadilisha bomba zima la mtaa na mafuriko yakarudi, kwa kuwa mvua inaingilia kwenye vipande elfu ambavyo haina ruhusa ya kuvigusa. Hapo ndipo pesa nyingi za umma zinapozama.

Uingereza walilikata fundo hili kwa sheria. Tarehe 1 Oktoba 2011, katika England na Wales, mabomba mengi ya binafsi yanayounganisha nyumba na laini kuu, kuanzia mpaka wa kiwanja kwenda nje, yalihamishiwa kampuni za majitaka. Mwenye nyumba alibaki na yaliyo ndani ya kiwanja chake yanayohudumia nyumba yake peke yake. Ni safi, lakini gharama inaenda kwenye bili za wote, na kwetu nusu ya jiji haijaunganishwa na laini hata sasa. Kumwambia mtu wa Mukuru alipie bomba la Kilimani, mtaa wa wenye nacho, ni jambo ambalo mimi nisingeweza kulitetea mbele yenu.

Oakland, kule California, walichukua njia nyingine, na hii ndiyo inayonivutia. Shirika la maji la eneo lile lina kanuni: ukitaka kuuza nyumba, au kufanya ukarabati wa zaidi ya dola 100,000, au kubadilisha ukubwa wa mita ya maji, lazima kwanza uonyeshe cheti kwamba bomba lako halivuji. Ukiweka bomba jipya lote, cheti ni cha miaka 20. Ukipita jaribio bila kulibadilisha, ni cha miaka 7. Hakuna anayekuja kugonga mlango wako usiku. Wanakusubiri pale ambapo wewe ndiye unayehitaji karatasi.

Portland, kule Oregon, Marekani, walitumia kivutio. Kuanzia 1993 hadi 2011 walikuwa wakiwalipa wakazi au kuwafanyia kazi bure ili bomba la gata likatwe kutoka laini na maji yaelekezwe bustanini. Walikata zaidi ya 56,000.

Je, Nairobi? Kigezo cha kuuza nyumba hakitatufikisha mbali. Sisi wengi ni wapangaji, na mpangaji hauzi nyumba. Hata hivyo, karatasi zipo. Huwezi kuhamisha hatimiliki bila cheti cha kaunti kwamba huna deni la kodi ya ardhi. Cheti cha bomba kinaweza kuandamana nacho. Huwezi kubomoa bangalo, nyumba isiyo na ghorofa, la Kileleshwa na kusimamisha ghorofa bila kibali. Hapo ndipo mimi ningeanza, leo kuliko kesho, maana bomba la familia moja linageuzwa kuwa la familia 60 na hakuna anayelifunua kuliangalia.

Na upimaji si uchawi. Moshi usio na madhara unapulizwa kwenye manholi, kisha unasimama ukitazama unapotokea. Ukitoka kwenye gata ya mtu, hakuna ubishi tena. Rangi inamiminwa kwenye mtaro ili kuona kama itatokea kwenye laini ya majitaka. Kamera ndogo inasukumwa ndani ya bomba. Marekebisho ya kwanza ni rahisi sana: kuinua ukingo wa gali juu ya sakafu, kukata gata, kufunga chemba. Kubadilisha bomba ndilo ghali, na hapo naona kampuni ingempa mwenye nyumba mkopo unaolipwa kidogo kidogo kwenye bili ya maji. Bila hilo, maskini mwenye ploti atatozwa faini na bomba litabaki vilevile.

(Mzee mmoja kutoka Umoja aliuliza: “Mwanangu, nikikata gata, maji niyapeleke wapi, na barabara yetu haina mtaro?”)

Mzee wangu, swali lako ndilo gumu kuliko yote niliyosema. Kwanza weka tangi. La lita 5,000 litabeba mvua ile niliyoihesabu yote, na kwa mgao wa maji tulio nao utashukuru. Lakini mvua kama hiyo ikirudi siku ya pili, tangi litajaa na kumwagika. Mtu wa Lavington, upande wa magharibi, nitamwambia achimbe shimo la kunyonya, udongo wake unakubali. Wako, ule mweusi wa mashariki, haukubali, shimo litajaa na kubaki bwawa la mbu. Kwako hakuna njia ila mtaro barabarani, na huo huwezi kujijengea peke yako. Ndiyo maana nasema programu hii ya kupima mabomba na kutoa vyeti isianzie mitaa isiyo na mitaro. Ianzie Kileleshwa, Kilimani na Lavington, ambako mwenye ghorofa ana mahali pa kupeleka maji na ana uwezo wa kulipa. Kwenu Umoja kaunti itangulie na mtaro, ndipo mtu aje na moshi.