Kazi ya Ziada Iandikwe Kabla Chokaa Haijachanganywa

Wazee wangu, mama zangu, nawarudilia neno lile lile, na nitazidi kulisema maana ugomvi haupungui: kazi ya ziada iandikwe kabla fundi hajaigusa.

Mwenye nyumba mmoja hapa Mkomani, Lamu, alipatana na mwashi: vyumba viwili, boriti mpya, sakafu. Karatasi ikatiwa sahihi, mashahidi wakakaa. Kazi ilipofika katikati akapanda juu akasema, "Fundi, hapa nitilie madaka, vishubaka vya ukutani, na choo kisogeze upande ule." Fundi akaitika, "Inshallah." Bei haikutajwa. Matumbawe yakaongezwa, punda wakabeba mchanga, vibarua wakalipwa. Siku ya hesabu fundi adai ya choo na madaka. Mwenye nyumba ajibu kwamba alijua yamo katika bei ya kwanza. Na kila mmoja yuko tayari kuapa! Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu mistari miwili ingetosha: kazi gani, kwa bei gani, siku ngapi zinaongezeka. Kisha sahihi mbili.

Mtaniambia, "Sisi ni jamaa, kuandikiana ni kutoaminiana." Jamani! Aya ya deni, Surat al-Baqara 282, imetuamrisha tuandike deni la muda, liwe dogo au kubwa, na tushuhudishe. Tangu lini kutii amri hiyo kukawa ni kumvunjia jamaa heshima?

Na wewe unayesema, "Tulipatana kwa mdomo tu, simlipi," umekosea. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inataka maandishi katika mauzo ya ardhi. Kujengewa nyumba hakumo. Neno la mdomo linafunga, tabu ni kulithibitisha. Hata bei isipotajwa, mahakama yaweza kumpa fundi malipo ya haki kwa kazi uliyomwagiza ukaipokea.

Je, kazi ikiwa na kasoro fundi alipwe? Hilo nitalipitia upesi. Uingereza, kesi ya Hoenig v Isaacs ya 1952: kazi ya pauni 750, kasoro za pauni 55 na kidogo. Mwenye nyumba aliamriwa alipe, akate gharama ya kasoro basi. Lakini Bolton v Mahadeva, 1972: mtambo wa kupasha nyumba joto wa pauni 560, matengenezo pauni 174, na nyumba haipati joto sawasawa. Fundi hakulipwa kitu kwa mtambo ule. Kwa hivyo ufa wa plasta haukupi ruhusa ya kuzuia fedha zote. Na wewe fundi, dari ikivuja kila mvua usije ukadai bei kamili.

Kibali cha kugusa kuta za Mji Mkongwe wa Lamu, ulio katika urithi wa dunia tangu 2001, na usuluhishi nje ya mahakama, leo naviacha. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 lina Mahakama ya Madai Madogo. Na kesi ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, kwa hivyo wenye madai ya zamani wazitoe karatasi zao wiki hii tuzitazame.