Kipakiti cha pfennig 10: ukoo wa Oetker na unga wa kuumua

Ndugu zangu waokaji, habari za jioni, na ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Nimekuja na glasi mbili, chupa ya maji ya moto, na kopo la beking pauda lililokaa kabatini kwangu bila kufunikwa vizuri tangu masika yaliyopita. Tazameni. Natia kijiko kimoja cha chai. Mnaona? Vipovu viwili vitatu, kisha kimya. Sasa natia kutoka kopo nililolifungua leo asubuhi. Hilo linafoka mpaka mdomoni mwa glasi. Kwa macho ni unga uleule. Mimi tofauti hii niliijua usiku wa kuamkia harusi ya mtoto wa dada yangu, keki tatu zimekataa kuumuka na saa ni tisa za usiku.

Sababu yake ni hii. Ndani ya beking pauda mna magadi soda, mna asidi kavu, na mna wanga. Magadi na asidi vikipata maji hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Kazi ya wanga ni kunywa unyevu na kuwatenga hao wawili mpaka siku yao ifike. Sasa, pwani hii, ukiacha kopo wazi, unyevu huwakutanisha mlemle ndani na wewe huna habari.

Tatizo hilo ndilo lililomshughulisha August Oetker. Alizaliwa mwaka 1862, baba yake akiwa mwokaji mikate, naye akasomea ufamasia. Tarehe 1 Januari 1891 alichukua duka la dawa katika mji wa Bielefeld, Ujerumani. Wengi husema alivumbua beking pauda. Si kweli, na napenda tuwape wenye haki haki yao. Kabla yake alikuwapo Eben Horsford kule Marekani, mwanafunzi wa mkemia Mjerumani Justus von Liebig. Alichofanya Oetker, kwa maoni yangu, ni kikubwa zaidi. Alipima. Kuanzia 1893 alitia unga wake, alioupa jina Backin, katika kipakiti kimoja kinachotosha nusu kilo ya unga wa ngano, akakiuza pfennig 10, sarafu ndogo za Ujerumani za wakati huo. Akachapisha na mapishi. Mama aliyekuwa akibahatisha kwa ncha ya kisu sasa anararua karatasi, anamimina chote, basi. Keki ya leo ikawa sawa na ya Jumapili iliyopita. Kiwanda kilijengwa mwaka 1900, na mwaka 1906 pekee viliuzwa vipakiti milioni 50.

Sisi tunaouza maandazi tunajua uzito wa jambo hilo. Mteja harudi kwa sababu andazi la jana lilikuwa tamu. Anarudi kwa sababu ana hakika na la kesho.

Sasa nije kwenye ukoo wenyewe, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mtoto wa kiume wa August, Rudolf, aliuawa huko Verdun, Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Machi 1916. Miezi sita baadaye mjane wake, Ida, alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Rudolf-August. Mwaka 1918 babu naye akafa. Kampuni kubwa, na mrithi wake bado ananyonya! Ida akaolewa na rafiki wa marehemu, Richard Kaselowsky, na baba huyo wa kambo ndiye aliyeiendesha kampuni kwa zaidi ya miaka 20. Aliilea, akaikuza. Pia alijiunga na chama cha Hitler mwaka 1933, akaingia katika kundi la wenye mali waliomchangia fedha Himmler, mkuu wa SS, kikosi chenye silaha cha chama hicho. Septemba 1944 bomu liliangukia nyumba yao Bielefeld, akafa yeye, Ida na mabinti zao wawili. Rudolf-August, ambaye mwenyewe alikuwa katika jeshi la SS, akabaki na kampuni.

Aliijenga upya, akaongeza meli, bia na mengineyo. Mwaka 1976 mwanawe Richard alitekwa nyara, akafungiwa katika sanduku la mbao, na baba akalipa mark milioni 21, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, kumkomboa. Kijana alitoka hai, mifupa ya nyonga imevunjika.

Lakini kuhusu miaka ya vita, mzee hakusema. Mwaka 1968 jumba la sanaa la Bielefeld, alilotoa fedha lijengwe, lilipewa jina la baba yake wa kambo. Watu wa mji wakabishana miaka mingi, na 1998 jina likaondolewa. Mzee akakasirika, akachukua michoro yake aliyokuwa ameiazima jumba. Namwelewa kama mtoto, kwa kuwa Kaselowsky ndiye baba pekee aliyemjua. Siwezi kumtetea.

Alifariki 2007. Watoto wake ndipo wakawafungulia wanahistoria nyaraka za kampuni, bila kuwachagulia cha kuandika. Matokeo yalitoka 2013: ukaribu na utawala wa Hitler ulikuwa mkubwa, na familia ilipata faida hata kutokana na mali za Wayahudi walionyang'anywa. August, mwana wa Rudolf-August na kitukuu mwenye jina la mwanzilishi, alisema hadharani kwamba baba yake alikuwa Mnazi, yaani mfuasi wa Hitler. Jaribuni kulitamka neno kama hilo juu ya mzazi wenu, mbele ya wateja wenu. Baadaye wakaanza kuchunguza hata michoro ya ukutani ilitoka kwa nani, na mwaka 2017 mmoja, wa mchoraji Mjerumani Hans Thoma, ukarudishwa kwa warithi wa familia ya Kiyahudi iliyokuwa mwenye mali.

Watoto hao ni wanane, wa mama watatu. Walivutana muda mrefu, na mwaka 2021 wakagawana. Watano walibaki na kampuni ya Dr. Oetker, pamoja na kile kipakiti. Watatu wadogo walichukua, miongoni mwa mengine, kampuni ya Martin Braun, inayowatengenezea waokaji viungo vyao vya kazi.