Ijumaa Aliyotaka Kuacha Kazi: Mhadhara juu ya Nichelle Nichols

Asanteni. Sogeeni mbele, viti viko wazi, mimi siumi.

Naanza na ugomvi. Kila nikimtaja Luteni Uhura wa Star Trek, ile tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani, mbele ya Waswahili, mtu ananyoosha mkono: "Mwalimu, hao Wamarekani wamekosea, neno ni uhuru." Nimeambiwa hivyo darasani, nimeambiwa harusini, nimeambiwa matangani kabla hata turubai halijafungwa. Leo nalimaliza. Hawakukosea. Nichelle Nichols, mwigizaji aliyekuja kumcheza Uhura, alikwenda kwenye usaili na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, jina lake Uhuru. Gene Roddenberry, mwenye tamthilia, akalipenda neno lile. Wakaona kwa jina la mwanamke lilainishwe mwisho, u ikawa a. Wamelifinyanga kwa makusudi, kama sisi tulivyolifinyanga tulipolitoa kwa Waarabu. Kwao hurr ni mtu asiye mtumwa. Na mwanamke asiye mtumwa wanamwitaje? Hurra. Haya, mwenye kusahihisha asahihishe! Sisemi Roddenberry alijua Kiarabu. Ni bahati tu, ila mimi mtu wa pwani sitaiacha ipite bure.

Na Kiswahili alikisema, tena mapema. Kipindi cha kwanza kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kuna jini (wao wanasema kiumbe, sisi tunajua ni jini) linalojigeuza likawa mtu unayemtamani. Likamjia Uhura kwa sura ya kijana mweusi na kumsemesha Kiswahili. Lafudhi tuiache. Lakini kuna kipindi cha 1967 nakipenda zaidi. Mtambo umemfuta kumbukumbu zote, anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea: mbwa ana mpira, mbwa ana mpira. Anakwama, anakereka, na kinachomtoka ni Kiswahili. Muuguzi anamwambia hapana, si kwa Kiswahili, kwa Kiingereza. Mnacheka! Nani humu hajaambiwa hivyo shuleni? Wengine mlivalishwa na kibao shingoni.

Sasa nije kwa mwanamke mwenyewe, maana jina limekula muda. Alizaliwa 1932 huko Robbins, Illinois, mji wa watu weusi karibu na Chicago, na baba yake aliwahi kuwa meya wa mji huo. Alisomea dansi, akaimba na bendi ya Duke Ellington na ya Lionel Hampton. Hayo mengine mnayasoma wenyewe. Ninachotaka mshike ni kwamba ndoto yake ilikuwa jukwaa: kuimba, kucheza, ukumbi umejaa watu. Runinga kwake ilikuwa njia ya kufika Broadway, kule New York kwenye kumbi kubwa za maonyesho ya jukwaani.

Msimu wa kwanza ukaisha amechoka. Mistari yake inakatwa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba hata barua za mashabiki wake zilikuwa zikifichwa pale studio. Ijumaa akampelekea Roddenberry barua ya kuacha kazi. Roddenberry akamwomba afikirie kwanza hadi Jumatatu. Wikiendi hiyohiyo kulikuwa na hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Akaambiwa kuna shabiki wake mkubwa anataka kumwona. Akageuka akitarajia kijana wa miaka ishirini hivi, akakuta anayemjia ni Martin Luther King.

King akamwambia kwamba Star Trek ndiyo tamthilia pekee ambayo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto kukesha wakiitazama. Nichols akashukuru, akamwambia anaondoka. Uso wa King ukabadilika. Akamwambia hawezi kuondoka. Kwa mara ya kwanza ulimwengu unawaona weusi kama watu wanavyopaswa kuonekana. Jumatatu akarudi kwa Roddenberry kumwambia anabaki. Roddenberry akavuta mtoto wa meza, akamkabidhi barua yake. Alikuwa ameshaichana vipande vipande.

Hapa ndipo watu hupiga makofi. Naona wawili wameshaanza. Subirini.

Mimi namheshimu King, msinigeuzie maneno. Lakini nimesikia kisa hiki mara nyingi sana, na kila mara shujaa wake ni King. Mwenye barua je? Mwanamke aliyepewa jina la uhuru anataka kuondoka, anaambiwa haiwezekani, na anabaki. Broadway haikumwona tena kwa namna aliyoitaka. Msimu wa tatu mistari haikuongezeka. Mwaka 1969 tamthilia ikafutwa, vipindi 79 basi. Walioguswa na kubaki kwake ni sisi na watoto wetu. Mwigizaji Whoopi Goldberg amesimulia alivyokimbia, bado mtoto, kuwaita watu nyumbani waje kumwona mwanamke mweusi kwenye runinga ambaye si kijakazi. Gharama ilikuwa ya Nichols peke yake. Aliyepokea zawadi walau aulize ilinunuliwa kwa kiasi gani.

Najua kuna mtu kule nyuma anasema: lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea simu! Kukaa na kitu sikioni akisema laini ziko wazi. Ndugu yangu, alikuwa ofisa mkuu wa mawasiliano kwenye chombo kizima. Chombo kisipopata mawasiliano, nahodha anampigia nani kelele? Na hata kama alikuwa mpokea simu, ngoja uone simu hiyo ilimfikia nani.

Ee, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nakimbia.

Mwaka 1977 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa inatafuta wanaanga wapya, na wanawake na weusi hawakuwa wakijitokeza, kwa sababu hawakuamini tangazo lile linawahusu. Nichols alikuwa ameshawasema hadharani. Wakamwajiri. Akazunguka vyuoni akiwaambia watu ombeni, nafasi hii ni yenu pia. Waliokuwa wakubwa pale NASA aliwaonya kwamba wakipata watu wenye sifa halafu wasichague hata mmoja, yeye ndiye atakayepiga kelele. Maombi yakapita 8,000. Mwaka 1978 wakachaguliwa 35, wanawake sita wakiwamo, na wanaume watatu weusi. Sally Ride, Mmarekani wa kwanza mwanamke kwenda angani, alikuwa humo. Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza kwenda angani. Judith Resnik na Ronald McNair, waliokufa na chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986. Hilo lilihitaji mhadhara wake, na ndilo mnaloninyang'anya kila mwaka kwa kubishana juu ya herufi a.

Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani, mwaka 1992, alikuwa akianza zamu zake huko juu kwa maneno yaleyale ya Uhura, kwamba laini ziko wazi. Nichols alifariki Julai 2022 akiwa na miaka 89, na Januari 2024 sehemu ya majivu yake ilirushwa angani kwa roketi.

Kuhusu lile busu la 1968 kwenye tamthilia, la Uhura mweusi na nahodha wake mweupe aliyeigizwa na William Shatner, sijaligusa, najua, na wengine mmelijia hilo tu. Muda umekwisha. Liulizeni kwenye maswali. Karibuni.