Kutunga dansi la skrini tatu: anza na chumba

Hamjambo, karibuni tena. Leo tunatunga dansi la dakika sita litakalooneshwa kwenye skrini tatu, ndani ya chumba ambacho mtazamaji anatembea atakavyo. Hakuna viti, hakuna jukwaa. Kwa hiyo usikimbilie hatua za miguu. Tunaanza na chumba.

Pima chumba kwa futi ya fundi, kisha ning'iniza vitambaa vitatu: kimoja mbele, viwili ubavuni. Sisi tunatumia kitambaa cha marekani. Haimeti na inapokea picha vizuri. Bafta ni nyembamba mno, mwanga unapenya na kumchoma macho aliye upande wa pili. Soma pia kitabu cha projekta: lenzi ikiandikwa 1.5, kila mita moja ya upana wa picha inadai mita moja na nusu ya umbali. Unataka picha ya mita mbili? Projekta ikae mita tatu nyuma. Kama chumba hakitoshi, afadhali ujue leo kuliko siku ya ufunguzi.

Sasa simama katikati. Ukitazama skrini ya kushoto, ya kulia imeshakupotea. Basi hapo ndipo pa kutungia: dansa wako ana kazi ya kumgeuza mtu shingo, na ikiwezekana kumhamisha pale aliposimama.

Hatua ya pili ni miondoko, na mtunzi asijifungie peke yake. Keti na madansa, mpiga video na mpiga ngoma, na mwandikiane mapema picha zitakuwa za nani. Kila dansa alete mwondoko ambao mwili wake unaujua. Tuseme mmoja kaja na lelemama, mwingine sindimba, mwingine mganda. Lelemama ni mikono iliyotulia, kwa hiyo kamera isogee mpaka ionekane pete kidoleni. Sindimba ni kiuno. Ukikata picha kifuani umeitupa. Mganda ni mistari iliyonyooka, unataka kamera ya mbali na nafasi tele pembeni. Niseme wazi, nimechoka na video za dansi ambazo kamera imekaa kama mgeni rasmi, haiinuki kitini mpaka mwisho.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda: mwanya. Dansa akitoka skrini ya kushoto, yuko wapi kabla hajaingia ya kati? Mwaka 1945 mtengenezaji filamu Maya Deren, kule Marekani, alimpiga filamu dansa Talley Beatty akiinua mguu msituni na kuutua ndani ya chumba. Yeye alikuwa na skrini moja, mwanya wake ulikuwa mkato tu. Wewe una mwanya wa kweli, wenye upana na giza.

Bandika tepu ya karatasi sakafuni kuonesha kingo za fremu zote tatu. Dansa mmoja avuke, mwingine ahesabu kwa sauti moja hadi nane. Akitokea upande wa pili papo hapo, anaonekana karuka. Mpe hesabu mbili, mtazamaji anageuka pamoja naye. Mpe nne, mtazamaji anaanza kumtafuta, na hapo unaweza kumtokeza skrini ya kulia wakati macho yote yako ya kati. Msiondoke kwenye zoezi hili haraka. Rudieni mpaka madansa wenyewe waanze kubishana nani apotee na kwa muda gani.

Hatua ya nne, mdundo. Piga video kwa fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde na ngoma iende mapigo 100 kwa dakika. Kila pigo linakuwa fremu 15 kamili, na hesabu nane ni fremu 120, kwa hiyo mkato unaangukia kwenye pigo bila kubahatisha. Ukienda mapigo 120, pigo moja ni fremu 12 na nusu, na hiyo nusu itakusumbua kila ukiediti. Mpiga ngoma atanung'unika kuvaa kidude cha mapigo sikioni. Mbembeleze. Shata ya kamera, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za ukumbi zinaweza kupepesa kwenye picha.

Siku ya kupiga, piga kofi moja mbele ya kamera zote ili baadaye uzioanishe. Pozi la mwisho lifanane na la kwanza, kwa sababu video itajirudia na watu wataingia wakati wowote.

Kwenye kuediti, usitumie flashi tatu kwenye vichezeo vitatu. Baada ya saa kadhaa zitaachana. Panga skrini zote ndani ya video moja yenye upana wa pikseli 5760 na kimo cha 1080, uicheze kwa kompyuta moja yenye matundu matatu ya kutolea picha.

Mwisho, waite watu wachache ambao hawajaiona, uwatazame miguu yao, skrini achana nazo. Wakiganda mlangoni, skrini iliyo karibu na mlango ina mambo mengi mno, ipunguzie. Na kabla hujafunga chumba, weka kompyuta ifungue video yenyewe ikiwaka, umeme ukikatika saa mbili usiku mlinzi asilazimike kukupigia simu.