Jinsi ya kuangalia kama kichanga wako anaona sawasawa

Karibuni akina mama, akina baba, na bibi mnaolea wajukuu. Leo niko Majengo, Moshi, na binti wa miezi mitatu, amepakatwa na mama yake. Ameshiba na hana usingizi. Mtoto mwenye njaa hapimiki.

Kwanza, kaeni karibu na dirisha. Chukua karatasi nyeupe, chora mistari minene kwa makapeni nyeusi.

Pili, ishike kama shibiri moja kutoka usoni, kisha isogeze pole pole kulia, halafu kushoto. Mwone: macho yametangulia, shingo inafuata. Wa wiki moja hawezi hivyo. Bado anaona ukungu, na anachopenda zaidi ni uso wa mtu. Macho kupishana kidogo ni kawaida mwanzoni. Yakiendelea baada ya miezi minne, mpeleke hospitali.

Tatu, hapa tusiende haraka. Mama, kinga jicho la kulia kwa kiganja, usiliguse. Sasa la kushoto. Ametulia mara zote mbili, vizuri sana. Angelia ukikinga moja tu, ningeshuku kwamba lile lililobaki wazi halioni vizuri. Jicho hupokea mwanga tu. Picha inasomwa na ubongo, huku kisogoni, na njia za kufika huko hukomaa kwa kutumika. Miaka ya 1960 wanasayansi wawili, Hubel na Wiesel, waliziba jicho moja la watoto wa paka. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, lakini nafasi yake ubongoni ilishachukuliwa na mwenzake. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kwa hiyo jamani, "atakua tu, litapona" tuiache.

Nne, tazama mboni, kisha mpige picha kwa simu yenye flashi. Mboni moja ikitoka nyekundu na nyingine nyeupe, usingoje tarehe ya kliniki. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani. Mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, ukiwa mzito, hutakiwa kuondolewa mapema, ikiwezekana kabla ya miezi miwili, na baada ya hapo kuna miwani na kuziba jicho zima kwa saa kadhaa ili lile dhaifu lifanye kazi.

Usimtie maziwa ya mama wala majani jichoni. Nenda idara ya macho ya KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, wiki hiyo hiyo, ukiwa na kadi ya kliniki na ile picha kwenye simu.