Kipande cha Dakika Moja

Waheshimiwa walimu, wenzangu wa idara za rasilimali watu, na ninyi wanafunzi mliokubali kuketi huku mbele, hamjambo. Nashukuru kwa mwaliko.

Nimeombwa nizungumzie utofauti na ujumuishi katika kampuni za kimataifa. Kazi hiyo nimeifanya miaka 11, katika tawi la Nairobi la kampuni ambayo makao yake makuu yako ng'ambo. Leo sikuja na grafu. Nimekuja na kisa cha Polaroid, kampuni ya kamera ya Marekani, kwa sababu tunayoyakosea sisi sasa ilikwisha kuyakosea miaka mingi kabla yetu, tena ikiwa kampuni yenye nia njema.

Naanzia nyumbani. Babu yangu alivaa kipande. Wazee waliomo humu hawahitaji maelezo, lakini vijana huenda mkadhani nasema kitambulisho hiki mlicho nacho mfukoni. Sheria ya kipande ilipitishwa Kenya ya kikoloni 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa atembee na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Babu alikuwa akisema kwamba mbuzi naye hufungwa kengele, lakini kengele ya mbuzi haiandikwi alipwe shilingi ngapi.

Afrika Kusini walikuwa na kipande chao, wakakiita dompas. Tarehe 21 Machi 1960 watu wa Sharpeville walikwenda kituo cha polisi kukipinga, na 69 wakapigwa risasi wakafa. Naomba mkumbuke hilo tunapovuka bahari.

Polaroid ilikuwa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Mwanzilishi wake, Edwin Land, ndiye aliyeuletea ulimwengu picha inayotoka papo hapo. Na msiwafikirie watu wale kuwa wabaya. Wakati ambapo maabara nyingi za Marekani hazikutaka mwanamke, Land aliwachukua wasichana waliohitimu vyuo vya wanawake akawafunza sayansi kazini. Mmoja wao, Meroë Morse, alikuwa amesomea historia ya sanaa, naye akaja kuongoza maabara ya filamu za nyeusi na nyeupe. Mwaka 1968 kampuni ilifungua karakana Roxbury, mtaa wa watu weusi wa Boston, kuwafunza kazi watu waliokosa ajira. Kama tuzo tunazogawiana siku hizi zingekuwepo wakati ule, Polaroid ingezibeba.

Siku moja ya mwaka 1970 wafanyakazi wake wawili weusi walikuwa wakitoka kwenda kula chakula cha mchana. Caroline Hunter alikuwa mkemia kijana, mzaliwa wa New Orleans. Ken Williams alikuwa mpiga picha. Ukutani waliona mfano wa kitambulisho: picha ya mtu mweusi, na maandishi yanayotaja idara ya madini ya Afrika Kusini. Hawakujua kama mwajiri wao yuko Afrika Kusini. Wakaenda maktaba kusoma, wakagundua kwamba kampuni ina mtambo unaoitwa ID-2, unaopiga picha na kutoa kitambulisho kamili kwa dakika chache, na kwamba picha za Polaroid zinatumika kwenye dompas.

Fikirini kidogo. Watu wawili walioajiriwa na kampuni inayojivunia kuwaajiri watu kama wao, wanagundua kwamba jasho lao linasaidia kutengeneza kipande cha ndugu zao.

Walibandika karatasi kwenye majengo ya kampuni: Polaroid yawafunga watu weusi kwa sekunde 60. Wakaunda chama cha wafanyakazi cha kimapinduzi wakadai mambo matatu: kampuni itoke Afrika Kusini, itamke hadharani kwamba inaupinga ubaguzi wa rangi wa huko, na faida iliyopatikana kule ipelekwe kwa vyama vya ukombozi. Jirani zetu Watanzania wanavijua vyama hivyo, maana Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam, na ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliwahi kuwa Morogoro.

Hapa naomba twende polepole, kwa kuwa jibu la kampuni ndilo linalonikosesha usingizi. Haikuwapuuza. Ilituma ujumbe wa wafanyakazi wanne Afrika Kusini kujionea, weusi wawili na weupe wawili. Hesabu imekaa sawa kabisa, mtu wa idara yangu angeipigia makofi. Januari 1971 ikanunua nafasi magazetini kutangaza kile ilichokiita jaribio: itaacha kuiuzia serikali ya Afrika Kusini, msambazaji wake wa Johannesburg atawaongezea Waafrika mishahara na kuwapandisha vyeo, na fedha zitatolewa kwa elimu yao. Lakini itabaki.

Sisemi mambo hayo yalikuwa bure. Mtu aliyeongezewa mshahara Johannesburg alilisha watoto. Lakini waliouliza swali wako wapi katika jibu? Mwezi uliofuata Hunter na Williams walikwenda kutoa ushahidi Umoja wa Mataifa, New York, wakahimiza bidhaa za Polaroid zisusiwe. Williams alikuwa amekwisha kuacha kazi. Mwezi huohuo Hunter alifukuzwa.

Novemba 1977 gazeti la Boston Globe lilifichua kwamba msambazaji yule alikuwa akiendelea kuiuzia serikali ya makaburu kwa siri. Polaroid ikakata uhusiano ikaondoka. Miaka 7 ilipita kabla kampuni haijafika mahali ambapo wafanyakazi wake wawili walifika kwa chakula cha mchana kimoja.

Wala haikuwa peke yake. Mkuu wa IBM, Thomas Watson mdogo, aliandika waraka Septemba 1953 kwamba kampuni itaajiri bila kuangalia rangi wala dini, na alikuwa akitafuta mahali pa kujenga viwanda katika majimbo ya kusini ambako ubaguzi ulikuwa sheria. Ni waraka wa ujasiri, mahakama kuu ya Marekani ilikuwa haijapiga marufuku kutenganisha shule. Hata hivyo mashine za kampuni hiyohiyo zilikuja kutumika Afrika Kusini kutunza daftari la kuwapanga watu kwa rangi zao. Waraka ulihusu nani aingie mlangoni. Haukusema aliyeingia akiona jambo afanyeje.

Nami nina langu la kusema. Miaka michache iliyopita, mahali nilipokuwa nafanya kazi, kijana mmoja wa huduma kwa wateja, binti kutoka Garissa, alisimama kwenye mkutano wetu wa ujumuishi. Alisema fomu ya kumsajili mteja ina nafasi mbili tu, jina la kwanza na jina la ukoo, lakini watu wa kwao wana jina lao, la baba na la babu. Wanajazwa vibaya, jina halilingani na kitambulisho, akaunti inafungwa, na mama amesimama kaunta na mtoto mgongoni akiambiwa yeye si yeye. Alisema hayo mara tatu, katika mikutano mitatu. Mwenye kiti nilikuwa mimi.

Sikumnyamazisha. Nilimshukuru kila mara. Nilipoketi kuandika ripoti ya robo mwaka, nilifungua jedwali lililotoka makao makuu: wanawake wangapi, wenye ulemavu wangapi, makabila mangapi, wameongezeka kwa asilimia ngapi. Binti yule alihesabiwa kwenye safu mbili. Alichosema hakikuwa na safu, nami sikukiandika. Aliacha kazi mwaka huo, na fomu ilikuwa bado ileile.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi. Kifungu cha 54 kinataka watu wenye ulemavu wapate hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma. Nazitetea nambari hizo na nitaendelea kuzitetea, kwa kuwa asiyeingia chumbani hawezi kuuliza lolote. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nimekuja kudharau hesabu.

Ninachofanya sasa ni hiki. Mwaka huu nimeongeza safu moja kwenye jedwali letu: ni uamuzi gani uliobadilika kwa sababu ya jambo alilosema mfanyakazi, na alilisema lini. Nimeyapelekea matawi yote ninayoyasimamia. Robo ya kwanza, karibu matawi yote yaliirudisha tupu. Msaidizi wangu aliniuliza kama tuifiche kwanza hadi tupate cha kujaza. Nilimwambia hapana, na nimeipeleka makao makuu hivyo hivyo, tupu. Jibu bado nalingoja.

Nafasi ya maswali sasa, na tuanzie nyuma.