Yule kobe wa kando ya barabara: usimkimbie, na usimshike mkia

Haya jamani, shikamooni wazee, na nyie vijana mliojipanga pale karibu na mlango nawaona, chai bado. Nimeombwa niongee kuhusu yule "mdudu". Nasema mdudu kwa sababu ndivyo kaka yetu mmoja alivyomuita, mwaka jana mwezi wa sita kanipigia simu yuko njia ya kwenda mji wa Peterborough, huku jimbo la Ontario, Kanada, kapaki pembeni, anahema, "bwana kuna mdudu mkubwa kama beseni kakaa katikati ya lami, nikimsogelea ananifokea kama nyoka, nimpige honi au nifanyeje?" Nikamwambia washa taa za hazadi, kaa hapohapo, usimguse mkia. Ya mkia tutafika.

Kwanza jina. Sisi tuliokulia Tanga tunamjua kobe na tunamjua kasa. Kobe ni wa nchi kavu, mpole, ukimgusa anajikunja ndani ya gamba lake mambo yameisha, ndo yule mjanja wa hadithi za bibi. Kasa ni wa baharini. Sasa huyu wa huku Ontario si huyu wala si yule, anaishi kwenye mabwawa, mito na maziwa, ana mkia mrefu wenye meno meno kama wa mamba, gamba limeota ukungu wa kijani kama sufuria iliyosahaulika nje, na kichwa kikubwa kinachotoka kwa shingo ndefu ambayo huitegemei kabisa. Mimi namuita kobe mng'ataji, Kiingereza wanamuita snapping turtle. Wengi wana kilo 5 mpaka 16 hivi, na wapo wa kuzidi hapo. Anapatikana kuanzia huku kusini mwa Kanada mpaka Florida na Texas, na jimbo la New York lilimpa cheo mwaka 2006, ndo mtambaazi rasmi wa jimbo. Sisi tuna twiga, wao wana huyu, kila mtu na chake.

Sasa mbona anang'ata, na hapa nataka tukae kidogo maana ndo shida nzima ya watu inapoanzia. Siku ukimuona kwa chini (sisemi mkampindue, nasema siku ukimuona) utashangaa, gamba la chini ni dogo, limekaa kama msalaba, halimfuniki. Miguu iko nje, shingo iko nje. Yaani yule kobe wa bibi ana nyumba na mlango wa kufunga, huyu ana paa tu. Hana pa kuingia. Kwa hiyo akiwa nchi kavu na wewe umemsimamia kama mlima, kilichobaki kwake ni mdomo, basi anafungua mdomo. Ila akiwa majini hana haja na ugomvi, anajizamia tope huko anakwenda zake. Kwa hiyo mtu akikwambia kobe alimkimbiza, muulize walikuwa wapi, na muulize yeye alikuwa anafanya nini na fimbo.

Halafu swali lingine, anatafuta nini barabarani? Wengi mnaowaona mwishoni mwa mwezi wa tano na mwezi wa sita ni akina mama. Anatoka bwawani anatafuta mchanga au kokoto zenye jua achimbe atage, na wenye barabara si wamemwekea kokoto safi kabisa pembeni ya lami, yeye anaona ni hoteli. Anataga mayai 20 mpaka 40, wengine zaidi, meupe ya duara kama mipira ya tebo tenisi, anafukia, anaondoka, hageuki nyuma. Joto la ule udongo ndo linaamua watakuwa madume au majike, la katikati linatoa madume, joto kali au ubaridi linatoa majike. Watoto wanatoka kuanzia mwezi wa nane hivi, kama rakuni na mbweha hawajawahi kufukua, na mara nyingi wanawahi.

Ndo hapo hesabu inakuwa mbaya. Huku kaskazini jike anafika miaka 15 mpaka 20 ndo anaanza kutaga. Ishirini! Na katika mayai 1000 hata moja halifiki kuwa mtu mzima kwa uhakika. Kwa hiyo mpango wake wote ni kuishi muda mrefu sana na kutaga kila mwaka kwa miaka na miaka. Kule hifadhi ya Algonquin, hukuhuku Ontario, watafiti wanawafuatilia tangu mwaka 1972, mwishoni mwa miaka ya themanini fisi maji waliua wakubwa wengi wakati wa baridi wakiwa wamelala chini ya barafu, na miaka zaidi ya 20 baadaye idadi ilikuwa bado haijarudi. Sasa fikiria gari linafanya kazi ya fisi maji kila mwaka.

Na si wote wanaogonga kwa bahati mbaya. Pale Long Point, ziwa Erie, kuna barabara imepita katikati ya kinamasi, watafiti waliweka kobe na nyoka wa bandia barabarani waone madereva watafanyaje, asilimia kama 2.7 walipinda gari makusudi wakawakanyage. Mdoli wa plastiki! Baadaye pakawekwa uzio na makalavati ya kupitia chini, vifo vikapungua sana.

Haya, ya kufanya. Usalama wako kwanza, kama ni haiwei ya magari ya kasi mwache, usife kwa ajili ya kobe, mama watoto hatanielewa. Kama ni njia ya kawaida, paki vizuri, washa hazadi, mwendee kwa nyuma. Usimnyanyue kwa mkia, unamuumiza uti wa mgongo. Usimshike ubavuni pia, shingo inafika huko, watu hawaamini mpaka iwakute. Mshike gamba kwa nyuma kabisa, juu ya miguu ya nyuma, umnyanyue nyuma tu atembee na ya mbele, kama watoto wanavyocheza toroli. Au mvutie kwenye kapeti la gari umburute. Koleo la theluji nalo linafaa, na najua bado liko kwenye buti. Mpeleke upande ule alikokuwa anaelekea hata kama wewe unaona bwawa liko nyuma yake, ukimrudisha atageuka avuke tena. Na usimhamishie ziwa zuri unalolipenda wewe. Ukimaliza nawa mikono, wana salmonela, vijidudu vya kuharisha.

Akiwa amegongwa usiseme huyu basi. Mtie kwenye boksi lenye matundu, bila maji, bila chakula, andika mahali ulipomkuta, pale Peterborough kuna hospitali ya kobe kabisa, wanaunga magamba. Hata mama akifa wanaweza kutoa mayai tumboni wakayatotolesha kwenye mashine.

Kaka yangu pale kaninong'oneza, "analiwa?" Nilijua swali hili litakuja, na nilijua litatoka meza hiyo. Ontario ilifunga uwindaji wake mwaka 2017, kwa hiyo hapana, na tena mnyama anayeishi miaka mingi chini ya ziwa anakusanya zebaki mwilini, tuachane naye, kuna mbuzi.

Na mama wewe uliyeuliza kuhusu watoto kuogelea, waache waogelee. Huko majini yeye ndo anawaona kwanza, na hao watoto wetu na kelele zao, ameshahama zamani.